Paka Akiugua: Boti ya Leo au Boti ya Kesho?

Mazungumzo haya yalitolewa kisiwani Kiwayu mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kiwayu na Chandani. Tumeyachapa ili vikundi vingine vya visiwani navyo viyasome.

  

Tulipotuma habari kwamba tunakuja kuzungumza juu ya mifugo, tulitazamia maswali ya mbuzi na punda. Kweli mbuzi waliulizwa, na punda wakaulizwa. Halafu akina mama wakasema, mbona paka hamumtaji? Wako waliocheka. Lakini mama mwenye kuweka gunia la unga na mchele wa kikundi anajua analosema. Panya akiingia ghalani hali kidogo akaondoka. Anakula, anakojolea kilichobaki, na anatoboa gunia la pili. Na mvuvi anajua panya anavyofanya nyavu zikiwekwa na harufu ya samaki. Mlinzi wa hayo yote ni mmoja, halipwi mshahara, na akiugua watu husema, "Ah, ni paka tu."

Nyinyi wenyewe mlitukumbusha kwamba katika mafundisho yenu paka si najisi, na kwamba sahaba Abu Huraira jina lake lilitokana na kitoto cha paka. Sisi katika Biblia zetu paka ni adimu. Yumo katika Barua ya Yeremia, nayo haimo katika Biblia za makanisa yote, na humo anatajwa kwa kukaa juu ya vichwa vya sanamu tu. Basi katika jambo hili nyinyi ndio mmetutangulia.

Sasa tuingie katika shida yenyewe. Mtu wa Nairobi paka wake akikohoa, anambeba anakwenda kwa daktari wa mifugo, anarudi kwake kupika. Mtu wa Kiwayu lazima afikirie boti, petroli, upepo na maji. Wakati wa kaskazi bahari ni tulivu. Wakati wa kusi ni habari nyingine. Ofisi za serikali zilizo karibu ziko Faza, na ukitaka zaidi ni Lamu, na njia ya Mkanda ina vituko vyake maji yakipwa. Kwa hivyo kumwambia mtu wa hapa "paka akiugua mpeleke kwa daktari" ni maneno matupu. Mtu wa Kiwayu anataka kujua hivi: ni dalili gani inayonifanya nitafute boti leo hii, hata ya kukodi? Ni ipi inayongoja boti ya kesho au ya kesho kutwa inayokwenda kununua bidhaa? Na ni ipi ambayo haitaki boti kabisa? Atakayejua kutenganisha hayo matatu ataokoa paka, na fedha zake pia hatazitupa baharini.

Tuanze na tabia ya paka mwenyewe. Punda akiumwa utamwona, mbuzi akiumwa atalia. Paka huficha. Asili yake ni mnyama wa porini anayewinda peke yake, na mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu ataliwa na mwingine. Kwa hivyo paka mgonjwa haji kukuambia. Anajificha chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, kwenye mashua iliyopinduliwa. Ukiona paka aliyezoea kukusumbua jikoni wakati wa kuparua samaki leo hakuja, hiyo tayari ni habari. Manyoya yamesimama na hajirambi, hiyo ni habari ya pili. Watu wengi husema, "Paka wangu alikufa ghafla." Mara nyingi hakufa ghafla. Aliugua siku nne, na hizo siku nne hakuna aliyemtafuta.

Kumpima si kazi kubwa, wala hakutaki vyombo. Akiwa amelala ametulia, tazama ubavu wake na saa. Hesabu anavyovuta pumzi kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Paka mzima aliyetulia huvuta kama mara 20 au 30 kwa dakika. Akipita 40 naye amelala tu, kuna jambo. Halafu inua mdomo wa juu utazame ufizi. Uwe na rangi ya waridi. Ukiwa mweupe kama karatasi, au wa buluu, au wa manjano, usingoje. (Wako paka wenye madoa meusi kwenye ufizi, hao ndivyo walivyoumbwa, kwa hivyo mjue wako akiwa mzima.) Kisha kamata ngozi ya mgongoni karibu na mabega, ivute juu, uiachie. Kwa paka mwenye maji ya kutosha mwilini inarudi mara moja. Ikibaki imesimama kama hema, amekauka.

Haya, boti ya leo.

Tutakaa sana hapa kwenye la kwanza, kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi. Ni paka dume asiyeweza kukojoa. Mtamwona anakwenda kwenye mchanga, anachutama, anajikaza, hakitoki kitu au yanatoka matone mawili yenye damu. Anaondoka, baada ya dakika tano anarudi tena. Analia. Anajiramba nyuma kila mara. Watu wakimwona husema amefunga choo, wanampa samli au mafuta ya kupikia. Si choo hicho. Dume ana njia nyembamba sana ya mkojo, na mchanga mdogo unaojijenga ndani ya kibofu, au ute mzito, huiziba kama kizibo. Mkojo unarudi nyuma, sumu iliyokuwa itoke mwilini inabaki katika damu na kuuharibu mwendo wa moyo. Siku ya kwanza analia. Siku ya pili anatapika, anakuwa baridi, ananyamaza, na mwenyewe anadhani amepata nafuu kwa kuwa halii tena. Huyo hana nafuu, anakufa. Hapa tunazungumza saa, hatuzungumzi siku. Na tafadhali msimkamue tumbo ili mkojo utoke. Kibofu kilichojaa hivyo huweza kupasuka. Daktari anamlaza kwa dawa na kupitisha mpira mwembamba wa kuzibua.

Paka jike naye huweza kujikaza na kutoa matone, lakini njia yake ni pana, mara chache huziba kabisa. Akiwa anatoa mkojo hata kidogo kidogo, na anakula, huyo anangoja boti ya kesho. Lakini dume mkavu hangoji. Na kwa kuwa hapa maji ni ya jabia na kila mtu anayapima kwa kata, paka naye hupimiwa, pengine hupewa kidogo mno. Mwekeeni bakuli lake kivulini, na mchuzi wa samaki usiotiwa chumvi wala kitunguu. (Kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya paka.) Paka anayekunywa vizuri hupunguza hatari hiyo, ingawa haimalizi.

La pili ni la wavuvi. Akina mama wa Kiwayu na Mkokoni walioanza kuokota ndara pwani mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuzitengeneza vinyago na shanga, wanajua bahari inavyotupa kila kitu mchangani. Pamoja na ndara huja mishipi na ndoana. Na nyingine hatuisingizii bahari, tunaitupa sisi wenyewe, na chambo kikiwa bado kimekaa kwenye ndoana. Paka hachagui, anameza chambo na kilichomo.

Mkiona uzi wa mshipi unaning'inia mdomoni mwa paka, au unatoka nyuma, mkono wa kwanza wa binadamu unataka kuuvuta. Usivute! Mnajua kitambaa ukivuta uzi mmoja jinsi kinavyojikunja chote? Ndivyo utumbo unavyojikunja juu ya mshipi, na mshipi unaukata kama msumeno. Ikiwa kuna ndoana upande wa pili, unazidi kuikaza. Acheni ncha ya uzi ionekane, mfungeni kitambaa shingoni kwa ulegevu, na uzi uufunge hapo asije akaumeza wote. Asipewe chakula. Huyo ni wa boti ya leo, maana mara nyingi huhitaji kupasuliwa. Ndoana iliyoshika mdomo kwa nje, ambayo mnaiona yote, hiyo mvuvi mwenye koleo anaiweza: mmoja amfunge paka katika kikoi kichwa tu kikiwa nje, mwingine asukume ndoana mbele mpaka ncha yenye kikwazo itokeze, aikate, kisha airudishe shina. Msiirudishe nyuma ilikoingilia, itachana nyama.

Mengine ya boti ya leo tutayapita kwa haraka, kwa kuwa yanajionyesha yenyewe. Paka anayevuta pumzi akiwa amefungua mdomo kama mbwa, naye hakukimbia wala hakupigwa na jua, hali yake ni mbaya. Mbebeni kwa utulivu, kumpapatikia kunaweza kummaliza. Paka mwenye mimba aliyejikaza kwa nguvu muda wa nusu saa au zaidi bila kitoto kutoka, au kitoto kimetokeza kikakwama. Mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65, na akina mama mkiandika siku mliyomwona na shume mtajua lini mtazame. Paka aliyeburura miguu ya nyuma ghafla. Paka aliyeumwa na nyoka; na kama ni swila aliyemtemea mate machoni, mwosheni macho kwa maji safi mengi hapo hapo, kabla hata ya kuuliza boti iko wapi. Damu isiyokoma. Kifafa kinachofuatana.

Na sumu. Hapa tunaomba mtusikilize, maana sumu nyingi za paka hazitoki kwa adui, zinatoka kwa mwenye kumpenda.

Mtoto anaona paka ana homa, anamvunjia Panadol. Kwa binadamu ni dawa ya kawaida, iko kila duka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua. Ufizi unageuka rangi ya udongo au buluu, uso na nyayo zinavimba, pumzi zinakwenda mbio. Basi nyumba ambayo haina Panadol ya paka ndiyo nyumba salama. Wala si Panadol peke yake, dawa za maumivu za dukani karibu zote ni hatari kwake. Hatuoni dawa yoyote ya maumivu ya binadamu ambayo mtu wa nyumbani anapaswa kumpa paka bila kuambiwa na daktari.

Ya pili ni dawa ya kuogeshea mbuzi na mbwa. Paka ana viroboto, mtu anasema ngoja nimpake ile iliyobaki. Dawa hizo nyingine zina permethrin, ambayo mbwa anaivumilia na paka haivumilii. Anaanza kutetemeka masikio, kisha mwili mzima. Akipakwa kwa bahati mbaya, mwosheni upesi kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, mkaushe, kisha boti. Na mafuta ya taa, ambayo wazee walizoea kuyapaka kwa viroboto, au petroli ya mashine iliyomwagika: paka anajiramba, yanaingia mapafuni. Msimtapishe. Msimpe maji ya chumvi wala maziwa mkidhani yanakata sumu, hayakati.

Sumu ya panya ina hila yake. Nyingi ya zile zinazouzwa huzuia damu isigande, na hazionyeshi kitu mpaka siku kadhaa zipite. Paka amekula panya aliyelishwa sumu Jumatatu, Alhamisi au Ijumaa anakuwa mnyonge, ufizi mweupe, damu puani au katika mavi. Iko dawa yake, ni vitamini K, na ikiwahi inasaidia. Nendeni na karatasi au kopo la sumu yenyewe ili daktari asome. Kikundi kinachofuga paka kwa ajili ya ghala na papo hapo kinatega sumu ghalani, sisi tunaona hakijaamua kinataka nini.

Kuna na bunju. Wavuvi hamuhitaji kufunzwa juu yake. Lakini akitoka wavuni hutupwa pwani, na watoto wa paka hawana elimu ya wazee wao. Akimla huanza kutokwa na mate, miguu inalegea, kisha pumzi inalegea. Bunju azikwe au arudishwe majini, asiachwe mchangani.

Sasa tumetaja mate, na hapa ndipo pazito kuliko pote katika mazungumzo haya. Paka anayetokwa na mate mdomoni huenda amekwamwa na mfupa au ndoana. Huenda amekula sumu. Na huenda ana kichaa cha mbwa. Nje ya mdomo yote matatu yanafanana. Mtu mwema anamwona paka anachuruzika mate, anashindwa kumeza, anasema maskini amekwamwa na mwiba wa samaki, anatia kidole. Usitie kidole. Wala usimtume mtoto kwa sababu vidole vyake ni vidogo.

Ugonjwa huu tunauita kichaa cha mbwa kwa kuwa mbwa ndiye anayewapa watu karibu wote wanaoupata. Lakini paka huupata pia, kwa kuumwa na mbwa au mnyama wa porini, na anayeuma huambukiza kwa mate. Mtazame tabia. Paka mpole amekuwa mkali bila sababu, anarukia watu na vitu. Au kinyume chake, paka wa porini asiyekaribia mtu leo anakuja miguuni. Sauti imebadilika. Hamezi. Anayumba nyuma. Huyo hapelekwi kwa boti wala habebwi kwa mkono. Kama yuko ndani, fungeni mlango. Watoto na mbuzi waondolewe, na chifu na afisa wa mifugo wapigiwe simu.

Na kama ameshauma au kumkwaruza mtu, basi boti ya leo ni ya mtu, si ya paka. Kwanza jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Ziko watu wanaosuuza nusu dakika wakafunga kitambaa. Dakika 15 ni muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Msitie majivu, wala kahawa, wala pilipili. Kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kabla ya kung'oa nanga pigeni simu muulize kama sindano ya chanjo ipo hapo mnapokwenda, ama mwende moja kwa moja Lamu. Chanjo hii si mpya. Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885, na mtoto akaishi. Leo ni sindano chache za mkononi, si zile za tumboni ambazo watu bado wanaziogopa. Mtu akichanjwa mapema anapona. Dalili zikishamwanza, kwa kweli hakuna tiba. Na dalili zinaweza kukawia wiki au miezi, ndiyo maana mtu husema "mbona niliumwa na sikupata kitu," akaacha sindano. Mwaka 2014 Kenya ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu kabla ya mwaka 2030, na msingi wa mpango huo ni kuchanja mbwa. Paka nao wachanjwe kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Tupumue kidogo. Kuna swali liliulizwa hapo nyuma: je, ni kweli paka wa huku wametoka Misri? Watalii husema hivyo wakiwaona paka wa Lamu wembamba wenye shingo ndefu. Wataalamu waliochunguza damu za paka wa nchi nyingi walitoa habari mwaka 2007 kwamba paka wote wa nyumbani duniani asili yao ni paka mwitu wa Mashariki ya Karibu. Kwa hivyo jamaa za Misri ni paka wote, hata wa London. Kule Kilifi yuko paka wa msitu wa Sokoke, mwenye madoa kama gome la mti, ambaye tangu 1978 Wazungu walimchukua wakamfanya aina yenye jina na vyeti. Paka wa Kiwayu hana cheti. Panya hawajamuuliza.

Turudi. Boti ya kesho ni ya nani? Paka mkubwa ambaye hajala siku nzima, wala hana dalili zile za kwanza, anaweza kungojewa mpaka kesho. Zikifika siku mbili hali kitu, aende, maana ini la paka huharibika kwa njaa upesi kuliko la mbuzi, hasa akiwa mnene. Kitoto cha paka hakina akiba hiyo, asubuhi hadi jioni bila kunyonya ni nyingi kwake. Anayehara au kutapika zaidi ya siku moja. Jicho lililofumba, na hili lisicheleweshwe zaidi ya kesho. Anayechechemea asiyekanyaga kabisa. Anayekunywa maji mno na kukonda, hasa mzee. Uvimbe unaokua.

Na yuko mmoja wa visiwani hasa, ambaye bara hawamjui sana. Ni paka anayelishwa samaki mbichi tu, kila siku. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 ndani ya mwili wa paka. Baada ya wiki kadhaa anapoteza hamu ya kula, anayumba, kichwa kinainama kifuani, mwisho anapata kifafa. Ajabu yake, daktari akimpa vitamini hiyo mapema anainuka upesi. Samaki akichemshwa kitu hicho kinakufa. Basi mchemshieni, na mchanganyie vichwa vya kuku au nyama mkipata.

Isiyotaki boti ni mengi, na ni vizuri kuyajua kwa sababu ndiyo yanayojaza maisha ya paka. Kutapika mara moja manyoya au majani, kisha akala kama kawaida. Kupiga chafya akiwa bado anakula na anacheza. Kidonda kidogo cha ugomvi: maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mara mbili kwa siku. Jipu la kuumwa likipasuka lenyewe, kamua taratibu, osha, liache wazi, zuieni nzi wasitage mabuu. Lakini likija na homa na kutokula, linahamia boti ya kesho. Mashilingi, yale mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, hayamuui paka, ila yanahamia kwa watoto, kwa hivyo waoshe mikono na wasilale naye mpaka apone. Na mama mjamzito asishike mavi ya paka wala mchanga wake. Mwingine afanye kazi hiyo, kwani kuna kijidudu humo kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Si lazima paka afukuzwe nyumbani. Paka wa nyumba haingwa, mnajua wenyewe.

Sasa gharama. Hapa Lamu punda amepata heshima: hospitali yake iko mjini tangu 1987, iliyofunguliwa na shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, na mwenye punda anaona ni jambo la kawaida kumpeleka. Paka hana mwenyewe mmoja, ni wa mtaa. Ndiyo maana shauri letu ni kwa vikundi, si kwa mtu mmoja mmoja. Mnaochanga kila wiki, tengeni kidogo katika sanduku dogo la pembeni, na mkubaliane mapema ni nani ana ruhusa ya kulifungua usiku bila kuitisha mkutano. Dume aliyeziba hangoji mkutano. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali ya kaunti. Andikeni barua kama kikundi, ombeni daktari aje wakati wa kaskazi mara moja kwa mwaka, achanje mbwa, paka, na kutazama mbuzi na punda kwa safari moja. Siku hiyo ombeni na kuhasi paka. Jike mmoja huzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, na vitoto vingi vinakufa kwa njaa nyuma ya nyumba. Dume aliyehasiwa naye hupigana kidogo, na anayepigana kidogo haumwi sana.

Nambari ya simu ya daktari iandikwe ukutani ghalani, kwa rangi, si kwenye karatasi. Kabla ya kukodi boti, mpigieni kwanza, hata kama ni lazima kupanda mchanga juu kutafuta mtandao. Mwambieni ni dume au jike, ana umri gani, alikula lini mara ya mwisho, alikojoa lini, pumzi ngapi kwa dakika, ufizi rangi gani. Daktari akipata majibu hayo sita anaweza kuwaambia njooni, au ngojeni, au fanyeni hivi. Na mara nyingine atawaambia kweli nyingine: kwamba paka huyu hafiki, na kumsafirisha saa nyingi juani ni kumtesa bure. Jambo hilo pia ni ushauri. Kama akifika na haponi, daktari anaweza kumpa sindano afe bila maumivu. Wako wanaoona ni dhambi, wako wanaoona ni huruma. Zungumzeni na masheikh wenu kabla ya siku yenyewe.

Mkisafiri naye, msimshike mikononi. Paka mwoga akiruka baharini hamtampata. Tumieni tenga lenye kifuniko au kikapu cha ukili kilichofungwa juu kwa kamba, kanga ya nyumbani ndani yake ili anuse harufu anayoijua, na kitambaa kibichi juu kwa ajili ya jua. Wekeni kivulini, mbali na mashine na moshi wake. Akitapika njiani, acheni kitambaa hicho hicho, msikioshe, daktari atataka kukiona. Na nahodha aambiwe kabla ya kuondoka kwamba kuna mgonjwa, ili asipite kwingine kuteremsha mizigo kwanza.